Nilivyolileta Jina la Shahidi Karagwe

Shabani amekufa, na siku nilipoletewa habari hiyo nilikula nikashiba. Aliyeniletea ni jirani yangu, Mama Teonesta, aliyepita kibanjani kwangu, kwenye nyumba na migomba yangu, akitoka Bugene na kikapu kichwani. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo Bibi. Yule mzee wa duka amefariki jana baada ya Alasiri. Wanazika leo." Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwuliza kama mvua imefika Bugene. Alinitazama kidogo, akaenda zake. Nikarudi ndani, nikageuza ndizi zangu chunguni, nikatia maharage, nikatia na samli niliyokuwa naiwekea wageni, nikala peke yangu mpaka chungu kikabaki kitupu. Wapo watakaosema mwanamke wa umri wangu angeona haya kuandika maneno kama haya. Haya zangu mimi zilikwisha katika mwaka mmoja tu, wakati wa Wadachi, miaka michache kabla ya vita yao na Waingereza, na mwaka huo ndio ninaotaka kuueleza. Leo ukisimama sokoni Bugene ukaita "Shahidi!" watageuka wasichana wanne au watano, wengine Wakristo, wengine Waislamu, na hakuna hata mmoja anayejua jina lake lilitoka wapi. Mama zao waliwaambia ni jina la baraka. Lilitoka kwangu, na sikulitoa kwa upendo.

Habari za wazazi wangu na ng'ombe wao waliokufa naziacha. Nilikuwa naishi Kihanga kwa shangazi yangu, Nyakato, katika nyumba ya msonge iliyotandikwa nyasi ambazo tulizibadilisha kila zilipoanza kunuka moshi. Asubuhi nilikwenda kwa miguu hadi Bugene kumsaidia kazi Bi Zuhura, mke wa Mzee Athumani mwenye duka, watu ambao babu zao walitoka pwani. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata jikoni kwake. Pale ndipo nilipoona wali kwa mara ya kwanza, nikadhani ni mayai ya siafu, na Bi Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono laini na macho ya haraka, akinifundisha kupika huku akiimba kwa sauti ndogo. "Tangawizi usiikate hivyo, Koku," aliniambia, "unaikata kama mtu anayegombana nayo." Nilimpenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo hamtaelewa uchungu wa yaliyofuata.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha ghala. Kilinuka ngozi za ng'ombe, chumvi na kahawa iliyokaushwa na maganda yake, na mwanga wake wote uliingia kwa dirisha moja lisilozidi kiganja. Katika chumba hicho niliolewa. Shabani alikuwa mdogo wake Mzee Athumani, kijana mrefu mwenye maneno mengi, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika juu kama jani lililoguswa na moto. Miezi mitatu alinifuata kwa maneno, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Aliniambia shangazi yangu hatakubali nimwendee Mwislamu, basi tufunge ndoa kwanza, tumwambie baadaye. Mwalimu mmoja mpita njia, aliyekuwa akienda na msafara Bukoba, alinitamkisha shahada nisiyoielewa nusu, akasema atasimama mahali pa walii wangu. Mashahidi walikuwa wapagazi wawili wa msafara huohuo. Mzee Athumani alikuwa safarini. Bi Zuhura alikuwa nyuma ya pazia. Yeye ndiye aliyenipaka hina nyayoni jioni iliyotangulia, yeye ndiye aliyepika wali na nyama ya mbuzi, na Shabani aliponipa doti ya kaniki kuwa mahari yangu, nilimsikia nyuma ya pazia akipiga kigelegele chembamba, cha kuficha. Siku ya tatu msafara uliondoka na mwalimu wake na wapagazi wake. Hatukuwaona tena.

Ilipofika masika tumbo langu lilionekana, na wakati huohuo Mzee Athumani alirudi kutoka Bukoba na habari njema: amempatia mdogo wake mchumba, Mwanaidi, binti wa tajiri wa huko. Nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu nilipozisikia, kwa kuwa ukuta kati ya jiko na baraza ulikuwa wa matete. Nilimngoja Shabani aseme. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha nikamsikia akisema, "Kaka, umenifanyia jambo kubwa. Alhamdulillahi." Nilimgeukia Bi Zuhura. Alikuwa ameinamia chungu, akikoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Nikasema, "Mama, nenda kamwambie mumeo." Akanijibu bila kuinua uso, "Nenda nyumbani, Koku. Pumzika kidogo. Mambo haya tutayatengeneza." Hayakutengenezwa. Nilipomwambia shangazi yangu, hakunipiga wala hakupiga kelele. Alikaa akitafuna buni zake za kahawa mpaka zikaisha, kisha akafunga nguo yake vizuri na kusema, "Twende kwa mkungu."

Mkungu ndiye aliyekuwa mkubwa wa eneo letu, na kesi ndogo zilikuwa zake. Alitusikiliza katika kibanda cha nyasi, watu wakiwa wamejaa hadi nje, maana ilikuwa siku ya soko. Nilieleza yote: ghala, mwalimu, wapagazi, kaniki. Shabani alikuja na kanzu safi. Alipopewa nafasi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alitabasamu kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Alisema kaniki alinipa kwa sababu nilifanya kazi nyumbani kwao nikiwa nimevaa lubugo, nguo ya gome la mti, iliyochakaa. Alisema tumbo la msichana wa kutembea njiani kila siku kati ya Kihanga na Bugene lina baba wengi wa kuulizwa. Kisha akawageukia watu, akakunjua mikono. "Mimi nasema hivi: kama nilimuoa, amlete shahidi. Dini yetu inataka wawili, lakini mimi nitamsamehe. Alete mmoja tu. Amlete, hata akiwa mtoto mdogo, nitakubali." Watu walicheka. Nami nikasema, "Bi Zuhura alikuwepo."

Mkungu akatuma aitwe. Alikuja amejifunika buibui mpaka machoni. Mkungu akamwuliza, "Mama, ulisikia au uliona ndoa ya huyu msichana?" Mumewe alikuwa amesimama upande mmoja, na Shabani upande mwingine. Nilitazama mikono yake, ile iliyoshika nyayo zangu, na niliiona ikilivuta buibui karibu zaidi. Akasema, "Sikuona kitu. Mimi kazi yangu ni jikoni." Hukumu ilikuwa fupi. Shangazi yangu alitakiwa kutoa mbuzi na mitungi miwili ya lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kwa kumchafulia mtu jina. Tulipotoka, mtu mmoja kwenye umati alisema kwa sauti nyembamba ya kuniigiza, "Nina shahidi! Nina shahidi!" na kicheko kikatufuata mpaka bondeni. Nimeishi miaka arobaini na zaidi tangu siku ile, na bado naweza kukuambia ni wapi njiani kicheko kile kilikoma.

Shabani alimuoa Mwanaidi kabla masika hayajaisha. Ngoma tulizisikia Kihanga. Mwanangu alizaliwa kiangazi, wakati nyasi ni kavu na vumbi liko kila mahali, msichana mkubwa mwenye sauti. Shangazi yangu alimpokea, akamfuta, kisha akamsogeza karibu na moto, akamwinamia. Nikauliza, "Amekufa?" Akasema, "Mtazame sikio." Lilikuwa la kushoto, limekunjika juu kama jani. Nililia, na shangazi akadhani nalia kwa huzuni. Nililia kwa furaha mbaya ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Siku ya kumtoa mtoto nje walikuja majirani wachache, na shangazi akasema kwa taabu, "Jina hutolewa na upande wa baba. Sisi tutasemaje?" Nikamwambia, "Upande wa baba hauna mdomo. Nitalitoa mimi. Anaitwa Shahidi." Wakatazamana. "Hilo ni neno la barazani kwa mkungu," shangazi akasema, "mtoto haitwi hivyo." Nikasema, "Huyu ataitwa." Kwa kuwa wengi wao Kiswahili kilikuwa cha kuazima, walilitamka "Shaidi", na hata sasa nusu ya watu wa huku wanalitamka vivyo hivyo.

Kuanzia hapo kila siku ya soko nilibeba mtoto mgongoni na ndizi kichwani, nikaenda kukaa mbele ya duka lile, ng'ambo ya njia, mahali ambapo mtu akifungua mlango macho yake yananiangukia mimi kwanza. Nikawa namwita mwanangu. Sikumwita kwa kumbembeleza. Nilimwita kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Shahidi! Shahidi wee!" Watu waligeuka. Walioikumbuka kesi walimkaribia mtoto, wakalitazama sikio, wakatazama dukani, wakaondoka wakiwa wameziba midomo. Siku ya tatu ya soko Shabani alitoka, akavuka njia.

"Unataka nini hapa?"

"Nauza ndizi."

"Na kelele hizi?"

"Namwita mwanangu."

"Mtoto wa mwezi mmoja anaitwa aende wapi?"

"Aje kwako. Ulisema nimlete mmoja, hata akiwa mtoto mdogo, utakubali. Huyu hapa."

Nilimfunua mtoto kichwa. Shabani hakutazama. Aliinua mkono, nikadhani atanipiga, lakini ulikwenda wenyewe kwenye sikio lake, akalifunika kama mtu aliyeumwa na nyuki. Wanawake waliokuwa karibu waliona. Hakuna aliyecheka, na mimi sikutaka wacheke. Alirudi dukani, na tangu hapo siku za soko aliuza akiwa amevaa kilemba kilichoshuka mpaka shingoni.

Nilidhani jina lile litakuwa langu peke yangu, kama kisu anachokijua mwenyewe. Lakini haukupita muda akanijia mjane kutoka Mabira, mjamzito wa miezi ya mwisho, aliyetembea kwa miguu kunitafuta. Shemeji zake walikuwa wamemnyang'anya kibanja, wakisema marehemu hakumwachia kitu na mimba si yake. "Nikizaa msichana," aliniambia akiwa amekaa juu ya nyasi zetu, anakula viazi vya moto kwa haraka ya mtu mwenye njaa, "utanikubalia nimwite kama wako?" Nilimwambia jina halina uzio. Alizaa msichana. Aliporudi Mabira akaanza kumwita kwa sauti kwenye mpaka wa kibanja kile, mchana na jioni, hadi shemeji mmoja akaona aibu, akamrudishia nusu. Habari ile ilitembea. Mke wa askari mmoja aliyeachwa bila kosa alimpa mwanawe jina hilo. Mwingine huko Kihanga kwa sababu zake alizozijua yeye. Kufika msimu wa senene walikuwa watano au sita, na wanaume wakawa wanauliza kwa hofu kidogo mke akikaribia kuzaa, "Unafikiria jina gani?"

Kisha jina likaanza kunitoroka. Katekista wetu alilisikia akalifurahia mno. Alisema shahidi ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani, na hakuna jina zuri zaidi la kubatizia. Waislamu nao walisema limo ndani ya shahada. Wasichana wadogo walioolewa wakalichukua kwa kuwa lilikuwa jipya na linapendeza mdomoni. Niliona hasira. Nilikuwa nimenoa kitu, na watu wanakivaa shingoni kama ushanga. Shangazi yangu akanicheka: "Ulitaka waitwe wote kwa hasira yako?" Ndiyo, hilo ndilo nililotaka.

Mwanaidi, yule mke wa Bukoba, alikuwa mmoja wa waliolipenda. Alikuwa na umri kama wangu, mpole, mgeni kabisa, hana mtu wa kuzungumza naye, na hakuna aliyemweleza chochote kwa sababu kila mtu alikuwa ananunua kwa mumewe. Alikuwa anavuka njia kununua ndizi zangu, tumbo lake likiwa mbele, na anakaa kuchezea vidole vya mwanangu. Nilimfunga mtoto kitambaa kichwani siku alizokuja. Siku moja aliniuliza, "Jina hili ulilitoa wapi? Zuri kweli." Nikasema, "Lilinijia tu." Akaona haya kidogo, kisha akasema, "Mimi nikipata msichana, utakasirika nikimpa hilohilo?" Hapo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kufungua kile kitambaa na kumwonyesha sikio. Alikuwa hajanikosea lolote. Alikuwa ameniletea siku ileile kipande cha halua kwenye jani. Nilimtazama usoni, nikamwambia, "Chukua. Tena litamke mbele za watu, wasije wakalibadilisha." Nilinyamazia mengine yote, sawasawa kama Bi Zuhura alivyonyamaza, na nilijua hivyo wakati ninanyamaza.

Alijifungua msichana masika yaliyofuata. Siku ya saba walichinja mbuzi wawili, na Mwanaidi mwenyewe akatuma niitwe kumenya ndizi uani. Nilikwenda. Mwanangu nilimwacha kwa shangazi. Niliketi jikoni kwa Bi Zuhura kwa mara ya kwanza tangu ile kesi, kwenye kile kigoda changu cha zamani, na yeye akawa ananipitishia visu na masufuria bila kunitazama. Nyuma ya ukuta wa matete wanaume walikuwa wameketi, na Mwanaidi amekaa mlangoni na mtoto. Mzee Athumani akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Shabani akasema, "Fatuma." Sauti ya Mwanaidi ikaja juu yake, nyepesi, yenye furaha: "Hapana, mume wangu. Mimi nimeshalichagua. Anaitwa Shahidi."

Shabani alisema, "Jina hilo silitaki." Akaulizwa na mkewe, "Kwa nini? Wanalipenda watu wote." Akasema tena, "Silitaki." Wageni wakaanza kunong'ona, na wengine walijua, lakini baba yake Mwanaidi alikuwa amekuja kutoka Bukoba na ameketi hapohapo, akamwuliza kwa taratibu, "Lina ubaya gani, mwanangu? Kama lina ubaya, tuambie sababu." Sababu! Niliacha kumenya. Nilimngoja kama nilivyomngoja mwaka uliopita, nyuma ya ukuta uleule. Bi Zuhura alikuwa amesimama karibu nami, na kwa mara ya kwanza akanitazama, macho yamejaa maji. Kisha akasogea hadi mlangoni akasema kwa sauti ambayo wote walisikia, "Halina ubaya, Shabani. Wewe ndiye uliyeliomba. Mpe." Wageni wa Bukoba hawakuelewa. Shabani alielewa. Nilimsikia akivuta pumzi, akasema, "Haya. Na awe hivyo," akainuka, akatoka bila kugusa chakula. Mimi nilikula. Bi Zuhura alinipakulia sahani ya wali na nyama, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe." Nilimaliza sahani, nikanawa, nikamwambia, "Umechelewa mwaka mzima," nikaenda zangu Kihanga. Alikufa miaka mingi baadaye bila kupata jibu lingine kutoka kwangu.

Niliamini mambo yaliishia pale. Lakini wiki mbili baada ya mazishi ya Shabani, yaani juzi, mwanamke wa makamo aliyevaa nguo nyeupe za msiba alifika kibanjani kwangu akasimama uani. "Shikamoo Mama. Mimi ni Shahidi binti Shabani." Nikamkaribisha ndani, nikampa kigoda. Alikuwa na uso wa mama yake, upole uleule.

"Mama, watu wananiambia jina langu wewe ndiye unayelijua. Baba hakuwahi kuniita kwa jina. Hata siku moja. Aliniita 'mwanangu', au 'wewe', au alipiga makofi. Tangu utoto nilidhani hanipendi."

Nilifurahi. Sitadanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa amekaa na jina mdomoni kama kaa la moto, asiweze kulitema wala kulimeza. Nikamwuliza, "Sasa unataka nini?"

"Siku aliyokufa aliita. Aliita wazi kabisa, 'Shahidi! Shahidi!' Nilikimbia, Mama. Mimi mtu mzima nilikimbia kama mtoto. Nikamshika mkono nikamwambia, nipo, Baba. Akafungua macho akanitazama, akasema, 'Si wewe.' Akafa." Alijifuta uso kwa ncha ya nguo. "Kama si mimi, ni nani?"

Basi nilimweleza yote kama nilivyoyaandika hapa, na sikuacha ile siku ya halua. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa, na ile furaha niliyokuwa nayo niliitafuta ndani yangu nisiione mahali ilipokwenda. Akauliza kwa sauti ndogo, "Dada yangu yu hai?"

"Yu hai. Ameolewa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda. Ana wajukuu."

"Nataka kwenda kumwona. Nimpelekee neno lile la Baba. Ni lake."

Nilikuwa nakumbuka msichana wa miaka kumi na tano amesimama uani kwangu, nywele amezishusha juu ya sikio lake la kushoto, akiniambia, "Mimi sikuona kitu, Mama. Nilikuwa sijazaliwa. Mbona umenisimamisha sokoni maisha yangu yote?" Mwaka uleule alibatizwa akachukua jina lingine, na tangu hapo hajaligeukia lile la kwanza, hata nikimlilia mimi.

"Nenda," nikamwambia binti yake Shabani, nikamwelekeza kivuko na nyumba. "Lakini ukifika uulize Yustina. Ukimwita Shahidi hataitika."